Kulabu za Rehani

Mjini Morogoro, miaka ile Wadachi walipokuwa bomani, mtoto akionekana anachezea kijinga cha moto aliambiwa, "Wee, Rehani huyo anakuja!" na kijinga kilizikwa mchangani papo hapo. Watu wazima nao walimwogopa, ila wao waliufunika woga wao kwa mzaha. Walimwita Bwana Kulabu.

Jina hilo lilitokana na kazi yake. Gari la moshi lilipofika Morogoro, mji ulifumuka kama uyoga baada ya mvua. Zilijengwa karakana, maghala, maduka ya Wahindi, na safu ndefu ya nyumba za udongo na nyasi kwa ajili ya watu wa reli. Gari la moshi lenyewe lilikuwa likipita linatema cheche. Kiangazi kikishika, upepo ukaanza kuteremka kutoka milima ya Uluguru, cheche moja ilitosha kula mtaa. Ndipo bwana wa ujenzi, Mdachi mmoja ambaye watu walimpa jina la Bwana Timazi kwa kuwa hakuachana na timazi yake, ile kamba yenye uzito ya kunyooshea kuta, hata akienda kula, alipomfanya Rehani kuwa mnyapara wa moto.

Wengi walidhani mnyapara wa moto ni mtu wa kumwaga maji. Rehani alijua kwamba moto huzimwa siku nyumba inapojengwa. Kila nyumba mpya ilipofikia kuezekwa aliingia, akasimama katikati, akajizungusha taratibu kama mtu aliyepotewa na kitu. Alikuwa anatazama moto utaingilia wapi na watu watatokea wapi. Alilaza mti mrefu kati ya nyumba na nyumba. Mti ukigusa mapaa ya pande zote mbili, nyumba moja ilibidi isogezwe, hata kama mwenyewe analia. Jiko lilikaa nje. Kila nyumba ilikuwa na milango miwili, wa mbele na wa nyuma. Na penye ghala palitundikwa ngazi, kamba, na kulabu kubwa za chuma. Moto ukizidi nguvu, kulabu zilirushwa juu ya nyumba iliyo mbele ya upepo, watu wakavuta kamba, wakaling'oa paa lake kabla moto haujafika. Nyumba moja inakufa ili mtaa upone.

"Bwana Kulabu," wanawake wa safu ya reli walimpigia kelele akipita, "njoo ukague na chungu changu, mboga isije ikaungua!"

"Mboga ikiungua nitaila mimi. Nyumba ikiungua utalala wapi?"

"Nitalala kwako, si kuna nafasi? Mke huna!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Rehani naye alitabasamu, lakini hakuacha kutazama paa lao. Kweli mke hakuwa naye; alifariki katika uzazi, na mtoto akamfuata. Kwa Waluguru, hata hivyo, mwanamume hakosi watoto maadamu ana dada. Mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli juu yake. Rehani alikuwa na dada mmoja tu, mdogo wake Chausiku, na Chausiku alikuwa na binti mmoja tu, Pili. Aliposema "mwanangu", alimaanisha huyo.

Ukali wake kuhusu milango aliupata kambini. Zamani, reli ilipokuwa bado inajengwa upande wa Ngerengere, alikuwa seremala katika kambi ya vibarua. Walilala katika banda refu la nyasi lenye mlango mmoja, kwa sababu mnyapara wa kambi alitaka kuwahesabu watu wake wakitoka. Banda lilishika moto. Rehani alikuwa mmoja wa waliotumwa kuwatoa waliobaki, na wote aliwakuta mahali pamoja, mlangoni, wamelaliana kama kuni. Waliokuwa nyuma walikuwa wamewasukuma waliokuwa mbele, na wa mbele wameanguka. Upande wa pili wa banda haukuwa na mtu hata mmoja, ingawa ukuta wake ulikuwa wa fito na nyasi tu. Tangu hapo alisema nyumba ya mlango mmoja ni mtego wenye paa. Alisema hivyo kazini, alisema sokoni, alisema mpaka watu wakachoka.

Mumewe Chausiku alikuwa na kazi kwenye reli iliyokuwa ikisonga kuelekea bara, na mara nyingi hakuwepo. Nyumba ya mkewe, katika safu ile ile ya reli, aliijenga Rehani mwenyewe. Aliipa milango miwili.

Kiangazi kimoja, Bi Hidaya alimfuata Rehani kwenye ujenzi. Bi Hidaya alikuwa kungwi, mama mtu mzima aliyewafunda mabinti wengi wa milimani. Alisimama mbali na mafundi, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi.

"Mjomba mtu," alisema, "nyumbani kwa dada yako kumekua."

Rehani aliweka chini mti wake wa kupimia. Alielewa. Pili amevunja ungo, na sasa ataingizwa ndani, awe mwali.

"Apelekwe milimani," alisema. "Hapa mjini hapana utulivu."

"Nyumba ya mama yenu imelala chini tangu masika, na wewe unajua. Dada yako anawapikia watu wa reli. Akiondoka atakula nini? Amesema atamweka hapa hapa."

Rehani alitoa kuku na kitambaa, akatoa na idhini, kama inavyompasa mjomba. Pili aliingia ndani. Na mwali akishaingia ndani, hayupo. Ndivyo walivyolelewa wote. Mwanamume akiuliza Pili yuko wapi, anaambiwa hayupo. Akiuliza ndani kuna nani, anaambiwa nyumba haina mtu. Hakuna aliyeuona huo kuwa uongo. Jina la mwali likitajwa mbele ya wanaume kabla ya siku yake, au wakimwona, walisema uzazi wake umefungwa, na hakuna nyumba itakayomtaka. Kwa hiyo wanawake walimfunika kwa maneno kama walivyomfunika kwa kuta.

Haukupita muda mrefu, Rehani akiwa katika ukaguzi wake, akazunguka nyuma ya nyumba ya dada yake. Alisimama. Mahali pa mlango palikuwa na ukuta. Udongo ulikuwa bado na unyevu, na alama za vidole vya wanawake zilionekana zikienda juu na chini. Tena haukuwa udongo wa hivi hivi. Ulikuwa wa kichuguu, ule unaokauka ukawa kama tofali.

Alikwenda mbele. Chausiku alikuwa anapepeta mchele.

"Chausiku, mlango wa nyuma umekwenda wapi?"

"Shikamoo kwanza, kaka."

"Marahaba. Mlango umekwenda wapi?"

"Umekwenda kulala. Utaamka mwenyewe akitoka."

"Na moto mmewasha humo ndani?"

"Akae gizani bila moto? Umesikia wapi mwali wa namna hiyo?"

Rehani alichuchumaa karibu yake. "Mdogo wangu, mimi ndiye ninayewavunjia watu kuta nikikuta wameziba. Nimemvunjia jirani yako hapo, mama wa watoto wachanga, akanilaani mbele ya watu. Leo nipite hapa nifumbe macho?"

"Basi vunja." Chausiku aliweka ungo chini. "Lete hizo kulabu zako uvunje. Halafu ukae hapo nyuma wewe mwenyewe umlinde, maana hapo ndipo wanapopita vibarua, na kila kibarua Mungu amempa macho mawili. Jana mmoja amechungulia. Anauliza, 'Mama, unauza uji?' Uji unauzwa kwa mlango wa nyuma?"

"Ningeweka mlango wa mbao, na komeo kwa ndani."

"Mbao zina nyufa, kaka. Unataka mwanao aonekane kwenye ufa?"

Sauti ya Bi Hidaya ilitoka ndani, nzito na ya pole. "Mjomba mtu anasema kwa nguvu. Huku kuna masikio."

Rehani aliutazama ukuta wa chumba. Alijua kwamba nyuma ya ukuta ule Pili amekaa, anasikia mama yake na mjomba wake wakigombana kwa ajili yake, na haruhusiwi hata kukohoa.

"Mpaka lini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mpaka mvua za vuli."

Mvua zikinyesha nyasi zitalowa, na hatari itakwisha. Lakini hapo katikati ndipo palipokuwa na upepo wote na ukavu wote. Fundi aliyekuwa ndani yake alisema hapana. Mjomba akasema ndiyo. Akaondoka bila kuvunja kitu.

Alijitahidi kuziba kwa mkono mmoja pengo aliloliacha kwa mkono mwingine. Alileta mapipa ya maji, akayaweka nyuma ya nyumba ile. Pembeni ya safu lilikuwapo rundo kubwa la nyasi za kuezekea nyumba mpya, na akaamuru liondolewe karibu na reli. Vibarua waliondoa nusu, nusu wakaiacha, kwa kuwa nyasi hizo zilikuwa za kazi ya Bwana Timazi na yeye alizitaka karibu na mafundi. Kisha akamwita msaidizi wake, Salum, kijana mwepesi, mtu wa Ujiji, ambaye alikuwa amejifunza kazi yote kwake.

"Salum, ile nyumba ya dada yangu. Likitokea jambo, uniite mimi kwanza."

Salum alicheka. "Kumbe nyumba ya dada wa mkubwa ina moto wake peke yake? Haya, tutauambia usubiri."

Mafundi waliokuwa karibu nao wakacheka. Ilikuwa rahisi kumvuta Salum pembeni na kumwambia: mle ndani kuna mwali. Lakini huko kungekuwa kumtaja, tena mbele ya mgeni asiye wa mila hiyo. Na Rehani, ambaye hakuwahi kumpendelea mtu, aliona haya kuonekana anapendelea.

"Basi, liache," alisema.

Juma lile Bwana Timazi alimwuliza, kama alivyomwuliza siku zote, kwa Kiswahili chake cha kukatakata: "Rehani. Nyumba yote, mlango mbili?"

"Zote, bwana."

Neno lilitoka jepesi, kama limesemwa na mtu mwingine.

Siku ya moto, Rehani alikuwa upande wa Mzinga, kwenye tanuru, akichagua matofali. Jua lilikuwa la utosi. Alisikia kipande cha reli kilichotundikwa ghalani kuwa kengele ya moto kikigongwa bila kupumzika, akageuka, akaona moshi mweusi umelala juu ya mji, umeinama kufuata upepo. Hakuhitaji kuuliza ni wapi. Alikimbia kama alivyokuwa, na vumbi la matofali usoni.

Cheche ya gari la moshi ilikuwa imeangukia ile nusu ya rundo la nyasi. Kutoka hapo moto ukarukia nyumba ya mwisho wa safu, kisha ya pili. Salum alifanya kila alilofundishwa. Alitazama upepo, akachagua nyumba ya kung'oa ili kukata njia, na nyumba iliyofaa ilikuwa ya Chausiku. Alikwenda mlangoni, akauliza kwa sauti, kama ilivyo kanuni, "Kuna mtu ndani?"

"Hamna mtu!" Chausiku alijibu. Alikuwa amesimama kizingitini na wanawake wenzake, kanga zimetandazwa mikononi. "Nyumba haina mtu. Lakini ngojeni! Sogeeni kule, ndugu zangu, geukeni, tazameni upande wa reli kidogo tu!"

"Tutazame reli, mama? Gari linaleta wageni?"

"Geukeni tu, nawaombeni!"

Mwanamume yeyote wa milimani angeelewa zile kanga na yale maombi: wanataka kumtoa mwali amefunikwa, pasiwe na jicho la mwanamume. Salum aliona wanawake wanaotaka kuokoa vyungu vyao.

"Mama, vyungu vitafinyangwa vingine," alisema. "Moto hauna shemeji." Akampa ishara askari aliyekuwapo, naye akawasukuma wanawake wakaondoka mlangoni. Kulabu zikarushwa. Zikauma mtambaapanya, ule mti wa juu kabisa unaobeba paa, na watu wakazishika kamba.

Rehani alitokeza wakati mti ule ulipotoa mlio wake wa kwanza. Aliona kulabu zake, kamba zake, watu wake. Kisha akamwona dada yake. Chausiku alimkazia macho kutoka upande wa pili wa vurugu ile, askari amemzuia kwa bunduki iliyolazwa kifuani pake. Macho yale yalimsihi aseme. Yalimsihi pia asiseme.

"Subirini!" Rehani alipiga kelele.

Salum aligeuka, jasho linamtiririka. "Tusubiri nini, mkubwa? Si wewe uliyetufundisha tusisubiri?"

Rehani alifungua kinywa, na sababu haikutoka. Ilikuwa imefika kwenye meno. Maisha yake yote neno lile hakuwahi kulisema mbele ya wanaume, na ulimi ulilikataa kama tumbo linavyokataa sumu. Salum alimngoja kidogo; alipoona hasemi, akainua mkono, na watu wakavuta kwa pamoja, wakiitikia, "Harambee!"

Nusu ya paa ikaja chini upande wa mbele, na mlango ukafukiwa. Kutoka ndani ilisikika sauti moja, fupi, ya msichana.

"Kuna mwali ndani!" Rehani alilia. "Acheni! Kuna mwali, kuna Pili ndani!"

Kamba zilidondoka mikononi mwa watu. Wanaume wa Kiluguru waliokuwa kwenye kikosi wakajikuta wanarudi nyuma. Rehani alinyakua kulabu moja, akakimbilia nyuma ya nyumba, akaanza kuupiga ule ukuta wa kichuguu. Ulikuwa umekauka vizuri. Wanawake walikuwa wameufanya kwa uangalifu, na kila pigo liliondoa kipande kidogo kama ganda la muwa. Salum alifika na sururu, uso umemwiva, akapiga naye bila kusema neno. Walipopasua tundu la kupitisha mtu, ulitangulia kutoka moshi wa ule moto wa ndani, kisha mikono ya Bi Hidaya ikimsukuma Pili.

Mjomba wake alimpokea. Nguo ilikuwa imebaki imenaswa ndani. Mwili wake ulikuwa umepauka kwa kukaa gizani, nywele zimekua, na mkono wa kulia ulining'inia vibaya, kwa sababu kombamoyo moja la paa lilikuwa limemwangukia begani. Alisimama hivyo kwenye jua, amefumba macho kwa ukali wa mwanga, mbele ya kikosi kizima. Wengine waligeuza nyuso. Wengine hawakugeuza. Chausiku alipofika na kanga yake, hapakuwa na kitu tena cha kuficha.

Na moto haukusubiri. Ulifikia lile paa lililong'olewa nusu, ukapanda juu yake kama ngazi, ukavuka. Safu yote iliyobaki iliungua, nyumba kwa nyumba, mpaka ulipokutana na ukuta wa matofali ambao Rehani aliyajengea maduka ya Wahindi, ukafia hapo. Hakuna aliyekufa. Lakini mahindi ya watu yaliungua, mikeka, nguo, cherehani ya fundi mmoja aliyekuwa ameinunua mwaka ule ule. Yule mama wa watoto wachanga, aliyevunjiwa ukuta wake kwa nguvu, alitoka salama na wanawe kwa mlango wa nyuma. Alikaa juu ya mzigo wake mdogo, akamtazama Rehani akipita na matope ya kichuguu mikononi.

"Wangu uliuvunja," alimwambia. "Wa dada yako je?"

Rehani aliinamisha kichwa, akapita.

Kuta za udongo haziungui. Kesho yake Bwana Timazi alitembea katika majivu, nyumba moja baada ya nyingine, akafika pale. Tundu walilolipasua lilikuwa katikati ya mlango uliozibwa, na miimo ilionekana pande zote mbili kama mabano.

"Wewe sema mlango mbili."

"Nilisema, bwana."

"Kwa nini?"

Rehani angeweza kueleza mila. Angeweza kusema kwamba nyasi za bwana mwenyewe ndizo zilizowaka kwanza. Alisema, "Ni nyumba ya dada yangu."

Alichapwa kiboko mbele ya boma, kama ilivyokuwa desturi, na watu wa safu iliyoungua waliruhusiwa kutazama. Walikuja wengi. Wale wanawake waliokuwa wakimtania habari ya vyungu walisimama pamoja, na hakuna aliyetania. Kazi akapewa Salum. Salum alimfuata nyumbani, akampaka mgongo mafuta.

"Ungeniambia, mkubwa," alisema. "Neno moja tu."

"Kwenu Ujiji mngelisema?"

Salum alifikiri. "Sijui kwetu tungefanyaje. Lakini mimi si ningejua?"

Milimani, juu ya Bigwa, wazee wa lukolo walikutana. Rehani alipanda kwenda kuwasikiliza, mgongo bado unamwuma kila alipoinama kwenye mwinuko. Walimpa kigoda, wakampa togwa. Hakuna aliyekana kwamba amemwokoa mtoto. Hawakusema kwamba amekosea. Walisema ameshaona. Amemtaja mwali mbele ya wanaume, na kwa mikono yake amemtoa uchi juani. Mtu wa namna hiyo hawezi tena kusimama kama mjomba wake siku atakapotoka. Pili ataanza upya, tangu siku ya kwanza, katika nyumba itakayojengwa huko huko juu. Mambo yake yatasimamiwa na Kibwana, ndugu yao wa tumbo la mama mdogo.

"Unalo neno?" mzee mmoja alimwuliza.

"Nyumba ataijenga nani?"

"Kibwana ataijenga."

"Naweza kumsaidia kuchagua mahali. Upepo wa huku..."

"Rehani," mzee alisema taratibu, "kunywa togwa yako."

Akanywa. Akateremka.

Baada ya hapo alifanya kazi ya matofali Mzinga. Alifyatua, akapanga tanuru, akalilinda likiungua. Watu walimkuta amekaa karibu na moto ule mkubwa, ametulia, na wengine walisema mzaha wa chini chini kwamba Bwana Kulabu sasa ameoa adui yake. Upepo wa milimani ulipoanza kuvuma alikuwa anasimama ghafla katikati ya kazi, anatazama juu, upande wa Bigwa, kwa muda ambao mtu mwingine angefyatua matofali kadhaa. Akiona moshi alikuwa anautazama mpaka ajiridhishe kwamba ni wa shamba. Hakumwuliza mtu habari za huko. Wale ambao angeweza kuwauliza wangemjibu kwamba nyumba haina mtu.

Mwaka ulizunguka. Siku moja sokoni, mbele ya maharage na viazi vya milimani, aliona kanga anayoifahamu. Chausiku alikuwa amekaa nyuma ya kikapu chake, na Bi Hidaya pembeni yake. Rehani alisimama. Dada yake aliinua macho, akayashusha kwenye maharage, akaendelea kuyachambua.

"Bi Hidaya," Chausiku alisema, ingawa kaka yake alikuwa hatua moja tu kutoka kwenye kikapu, "mwambie huyu, shikamoo."

"Anasema shikamoo," Bi Hidaya alisema.

"Marahaba."

"Mwambie mtoto ametoka. Ametoka salama, ngoma imechezwa, Kibwana amemnyunyizia unga wa baraka."

"Umesikia, baba. Ametoka."

"Nimesikia. Mwambie nimefurahi."

"Mwambie kuna watu wamekuja kuulizia, watu wa Ruvu. Jembe la mjomba, lile la mahari, litakwenda kwa Kibwana. Asije akasikia kwa watu akadhani tumemficha."

Bi Hidaya hakurudia. Alimtazama tu Rehani, na Rehani akaitikia kwa kichwa. Mnunuzi mmoja aliinama kuuliza bei ya maharage, akaona nyuso zile tatu, akahamia kwa muuzaji mwingine.

"Bi Hidaya," Rehani alisema, "naomba unipelekee swali moja."

"Sema, baba. Si mbali kunakopelekwa."

"Mkono wake."

Vidole vya Chausiku vilisimama ndani ya kikapu.

"Mwambie ulifungwa na mganga, ukapona. Lakini haupiti bega. Kutwanga hawezi. Mtungi anatwikwa na mtu, na kuutua hautui mwenyewe. Watu wa Ruvu wameambiwa, wamesema watafikiri." Kisha akaongeza, bado anasema na maharage, "Mwambie mlango wa nyuma niliuziba mimi, kwa mikono yangu, sijasahau. Na kwamba alisema 'subirini' na kabla hajasema linalofuata paa likaanguka, hilo pia sijasahau. Kila siku napanga lipi nilitangulize. Ningemzika mtoto, ningejua namna ya kumlilia yeye na namna ya kumlaani kaka yangu. Sasa mtoto yupo, namtwika mtungi asubuhi, sijui nishukuru au nilie."

Sauti yake haikupanda. Bi Hidaya aliweka mikono mapajani. Alikuwemo ndani siku ile, na nywele zake za mbele, zilizobabuka, hazikuota tena.

"Nimfikishie jibu gani, baba?" aliuliza.

Rehani alisimama na jua mgongoni. Mwanamke ambaye bega lake halipandi, kwenye miinuko ile, atatwikwa na nani siku mama yake asipokuwapo? Alilipima swali hilo kama alivyokuwa akipima nyumba, akalizunguka, akatafuta pa kutokea. Bi Hidaya alimngoja. Chausiku naye, ameinamia kikapu, aliacha kuchambua, akangoja.

Rehani alichuchumaa, akaanza kuwasaidia kuchambua mawe kwenye maharage, na hakuna aliyemfukuza.